Nguo Nyeupe ya Kuombea Kazi

Jumanne, 2 Septemba

Nimefua nyumba mbili. Kwa mwalimu, halafu kwa yule mama wa duka la dawa. Mashuka, sare za shule, jinzi tatu nzito. Mwanangu Neema mgongoni mpaka saa nne, baadaye nikamweka chini kwenye leso kwa sababu jua lilikuwa limepanda na mgongo umekataa.

Jioni nimepitia sokoni kwa Karimi. Karimi ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Mmeru. Mdomo mkali, roho nzuri. Anauza mitumba, na leo alikuwa amefungua belo, lile furushi kubwa la mitumba. Belo ikifunguliwa asubuhi zinatoka kamera, zile nguo za juu, safi kama hazijavaliwa. Wamama wa ofisi wanazichukua mapema. Mchana bei inashuka. Jioni zilizobaki zinamwagwa juu ya turubai, hiyo sasa ni fagia, unainama na wenzako mnavutana. Mimi ni mtu wa fagia. Sijawahi kununua kamera hata moja. Lakini ukinipita barabarani huwezi kujua.

Naangalia kwapa kwanza. Halafu nainua nguo juu nione mwanga. Kitambaa kilichochoka kinapitisha mwanga. Zipu ikiwa imekufa si neno. Kifungo si neno. Doa la mafuta, achana nalo. Rangi mbili kwa mwili zinatosha, ya tatu ni ya shanga. Hakuna aliyenifundisha.

Leo nimepata sketi nyeusi ya marinda. Kiuno kikubwa. Nitakipunguza.

Watu wa mtaa wetu, Bula Pesa, husema Mama Neema anavaa kama karani na ni mfuaji. Wanasema wakicheka. Mimi napenda kusikia.

Jumatano, 3 Septemba

Neema amekunywa maji ya sabuni.

Nilikuwa nimegeuka kuanika. Hata dakika haikuisha. Nikasikia anakohoa. Alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili kama kikombe, na povu kidevuni. Ametapika mara tatu. Nimempa maziwa kidogo kidogo, akatulia, akalala.

Mke wa mwalimu alikuwa mpole. Alisema nisije tena na mtoto, siku mtoto akifa kwa boma lake atasema nini. Ana haki. Lakini mtoto nitamwacha na nani? Mama yangu alishafariki. Karimi yuko sokoni siku nzima. Baba Neema, Ekal, alienda kazi ya barabara upande wa Marsabit, na tangu Juni simu yake haijaingia. Mimi nikipiga inaita tu.

Nimemaliza kufua. Mikono imepasuka kati ya vidole. Sina la kuandika zaidi.

Ijumaa, 5 Septemba

Karimi ameleta habari. Mama Sahra anatafuta msichana wa dukani. Huyo ni Msomali mwenye duka kubwa la dera na vitambaa pale barabara kuu. Msichana aliyekuwepo ameolewa, ameenda Moyale. Karimi anasema mjukuu wa Mama Sahra hushinda hapo dukani, amewekewa godoro nyuma ya kaunta, kwa hivyo mtoto si shida. Alimwambia anamjua mtu. Alimwambia, "Huyo hata umpe gunia atalivaa mpaka uulize bei." Nimeambiwa niende Jumatatu saa tatu.

Godoro nyuma ya kaunta. Nimefikiria hilo godoro jioni yote. Hakuna beseni. Hakuna maji ya moto. Neema atachafua tu godoro.

Kazi hii naitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nitoke shule darasa la saba.

Sasa nivae nini? Wasichana wa ile barabara wanavaa. Siwezi kushindana nao kwa pesa. Na tena mimi ni Mturkana, Mkristo, naenda kwa Mwislamu. Sitaki aone magoti yangu kabla aone uso wangu. Lazima iwe ndefu. Lazima kichwa kifunikwe. Lazima akiniona aseme huyu ana heshima.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata. Nilichakura fagia mpaka Karimi akaniuliza kama nimeangusha pete.

Ni gauni jeupe, pamba, refu mpaka kifundo, mikono mirefu. Kwapa safi. Halipitishi mwanga. Lilikuwa na vifungo vya dhahabu kutoka shingo mpaka kiunoni. Nilipoliinua, mwanamke mwingine naye akalishika, tukaangaliana, akaachilia. Karimi akasema nyeupe ni usafi, nani atakataa usafi.

Kitambaa cha kichwa hakikuwepo cha kufanana. Nikaona shuka jeupe la kitanda, limepasuka upande mmoja. Nimelinunua. Nusu nzuri nimeikata, nikapinda kingo kwa mkono, mishono midogo sana. Nikifunika kichwa inashuka mpaka kiunoni. Huwezi kusema ilikuwa shuka.

Vifungo vya dhahabu nimeviangalia sana. Vinang'aa mno, kama mtu wa harusi. Nimevitoa vyote nikaweka vyeupe vya shati la zamani. Sasa limetulia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani nilivaa sketi ya marinda. Gauni jeupe sijalitoa nje, lisije likapata vumbi la Septemba hii.

Mchana nimelitia maji ya mchele likakauka na ugumu wake. Nimeazima pasi ya makaa. Nimepiga pasi juu ya meza ya Karimi na yeye akinishikia pindo.

Nimelijaribu na kitambaa juu. Karimi aliniangalia kwa muda, akasema hizo shanga zinapigana na hiyo nguo. Ni kweli. Nimevua shanga. Halafu hereni. Halafu ile bangili ya shaba. Nilitaka kupaka mafuta ya kunukia, nikaacha, labda hapendi. Nikabaki mweupe, mtupu, bila kitu kinachong'aa.

Nimejiona kwenye kioo cha Karimi nikaona mtu ambaye angeajiriwa.

Neema nimemshonea kofia kwa kile kipande cha shuka kilichobaki.

Jumatatu, 8 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Nimetoka saa mbili na nusu. Nilitembea polepole kwa sababu ya vumbi. Barabarani watu walinipisha. Mwanzo nilifikiri ni bahati. Pale kwa wauza maziwa ya ngamia, kina mama waliacha kuongea nilipofika. Mzee mmoja wa kike akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ya Kisomali polepole. Sikuelewa. Nikasema asante. Akamtia Neema maziwa kwenye kifuniko cha chupa, akakataa pesa. Kijana wa boda akazima redio yake nikipita. Nikajiambia kumbe heshima ni nguo tu. Shilingi themanini na barabara yote imenyamaza.

Niliingia dukani nikifurahi. Nilisema salaam aleikum kama nilivyofanya mazoezi.

Mama Sahra alikuwa anakunja dera. Ni mwanamke mnene, mtulivu, amevaa nyeusi. Aliniona, akaacha kukunja. Akakaa. Wateja wawili waliokuwa wanabishana bei wakanyamaza. Mdogo wake, Hodan, yule anayeshika pesa, akaniletea kiti na glasi ya maji. Nikafikiri kazi nimepata.

Mama Sahra akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mume wako amekufa lini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Hajakufa, mama. Yuko tu."

 Halafu mteja mmoja akaziba mdomo kwa shungi, mabega yakamtingishika. Mwingine hakucheka. Aliniuliza kama nimekuja kuwachezea. Hodan akanivuta kando, akaniambia hiyo nguo inavaliwa na nani. Kwao mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi, na hizo siku anavaa nyeupe. Nyeupe tupu, bila dhahabu, bila manukato, bila pambo lolote. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. "Hata kifungo hukusahau," akasema.

Halafu akaniambia lingine. Mume wa Mama Sahra alizikwa Machi. Ametoka eda mwezi wa Julai. Hata wiki nane hazijafika tangu akunje nguo kama hizi zangu.

Nilipogeuka Mama Sahra hakuwa kwenye kiti. Alikuwa ameenda nyuma ya pazia. Hodan akasema ni vizuri niende.

Nimerudi njia ya nyuma, ya kule makaburi, ili nisipite kwa wauza maziwa. Nimevua nguo mlangoni.

Nimeaibika. Nimemuumiza mtu ambaye sikuwa namjua. Na godoro limeenda.

Jumanne, 9 Septemba

Sikuamka mpaka Neema alipolia njaa.

Karimi amesikia yote sokoni kabla nimwambie. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha, akasema ni makosa yake pia, ameuza nguo Isiolo miaka tisa na anajua saizi ya kila mtu na hilo hakulijua. Amelichukua gauni. Amesema atamuuzia msichana wa unesi. Nimemwambia achukue na kitambaa. Kofia ya Neema nimebaki nayo, mtoto hana kosa.

Nilienda kuchota maji. Vijana wa boda wananiita mjane sasa. Mmoja akaniuliza, "Siste, chali yako alidedi lini, tulete mchango?" Nikamwambia alete tu, nitaupokea. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 10 Septemba

Ekal amepiga simu. Mara ya kwanza tangu Juni. Kuna dereva wa lori la mbuzi alimwambia kambini kwamba bibi yake ameonekana Isiolo amevaa nguo za kufiwa. Amepiga akiwa na hasira.

"Kwani umenizika?"

"Hukuwa unapiga. Nilikuwa nimevaa nguo ya kuombea kazi."

"Watu huku wananipa pole kwa kifo changu mwenyewe."

Nikamwambia na mimi nimepewa pole, tugawane.  Sikusikia akimuulizia mtoto. Nikamweleza mwenyewe kwamba Neema ana meno manne na alikunywa maji ya sabuni. Akasema atatuma kitu mwisho wa mwezi. Nikasema sawa.

Nilifikiri nikisikia sauti yake nitalia. Sikulia. Nilikuwa nasonga ugali nikaendelea kusonga.

Mchana nimeenda kwa mwalimu. Kuna msichana mwingine anafua. Hana mtoto. Mke wa mwalimu amenilipa siku ya mwisho na kunipa sukari nusu kilo. Nyumba imebaki moja, ya mama wa duka la dawa, na yeye hufulisha mara moja kwa wiki. Hiyo haitutoshi mimi na Neema.

Kwa hivyo naangalia mambo kama yalivyo. Kazi ya dukani ilikuwa njia. Sasa ndiyo njia pekee iliyobaki, na nimeiharibu mwenyewe kwa sindano yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekataa kurudi dukani. Nimesema nitaenda. Nimekataa tena.

Karimi anasema niache, mji una maduka mengine. Hayo mengine hayana godoro. Tena si kazi peke yake. Huyo mama alikaa chini aliponiona. Hilo silitoi kichwani. Alifikiri mimi ni mwenzake.

Kesho ni Ijumaa, duka linafungwa mchana kwa swala. Nitaenda Jumamosi. Kuomba radhi. Kazi sitaitaja.

Nivae nini? Nimechoka hata na hilo swali. Nitavaa nguo zangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilivaa sketi nyeusi ya marinda, blauzi ya kijani, shanga zote shingoni, na kitambaa cha njano kichwani. Hivi ndivyo ninavyovaa. Mafuta ya kunukia nilipaka pia.

Duka lilikuwa na watu. Mama Sahra aliniona, akaendelea na kazi. Hodan akaniuliza leo nimekuja kama nani. Nikasema nimekuja kama Akiru, kwa jina langu, namngoja mama. Akanionyesha kona. Nilikaa kona hapo saa nzima na Neema mapajani, hakuna aliyeniongelesha.

Akaingia msichana Mborana, labda miaka kumi na minane. Dada yake anaolewa Kinna kesho na yeye hana nguo. Alikuwa na pesa kidogo ameikunja mkononi. Akashika dera za hariri, za juu, Hodan akamtajia bei, akaachilia. Akashika nyingine. Hodan akamwambia za bei yake ziko kule chini. Kule chini kulikuwa na dera za kahawia ambazo hakuna anayezitaka. Msichana aliziangalia, macho yakaanza kujaa.

Mdomo wangu haukungoja ruhusa. Nikamwambia achukue ya kahawia, ngozi yake itaipenda. Kwenye kikapu cha vipande kulikuwa na kipande cha rangi ya chungwa, mita moja na nusu, nikamwonyesha. Nusu akunje iwe mkanda, apandishe dera juu ya mkanda kidogo ili isibebe vumbi la Kinna. Nusu nyingine kichwani. Na asivae dhahabu ya bandia, avae shanga kama anazo. Nilimfunga mwenyewe, Neema akiwa kiunoni. Nikapiga hatua moja nyuma. Msichana akageuka kwenye kioo, akageuka tena. Yule aliyekuwa analia hakuwepo.

Hodan akasema, "Wewe nani amekuajiri?"

Nikarudi kwenye kona yangu. Msichana alilipa, akatoka akiwa ameivaa. Hiyo dera, nilisikia baadaye, ilikuwa imelala hapo tangu mwaka juzi.

Saa sita Mama Sahra akaniita nyuma ya pazia. Nilimwomba radhi. Nilisema sikujua, na kwamba kutojua hakupunguzi kosa.  Akaniuliza ile nyeupe nani alishona kingo za kitambaa cha kichwa. Nikasema mimi, kwa mkono, na kwamba kilikuwa shuka la kitanda. Akauliza tena, shuka? Nikasema shuka. Uso wake ukafanya kitu, si kicheko kabisa.

Akaniambia siku ile hakukasirika. Alikuwa amefurahi, ndiyo maana alienda nyuma. Aliona msichana mdogo wa watu amefiwa, akafikiri amepata mtu wa kukaa naye bila kueleza. Halafu akaona aibu kwamba alifurahia msiba wa mtu. Alisema hayo akikunja kitambaa, hakuniangalia.

 Nikashika upande wa pili wa kitambaa tukakunja pamoja.

Tulipomaliza akasema, "Njoo Jumatatu. Vaa rangi yoyote unayotaka." Akafika kwenye pazia, akageuka. "Ila nyeupe."

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya kwanza. Nimefagia, nimepanga dera kwa rangi badala ya bei. Hodan amezirudisha kwa bei. Nimeziacha.

Siku tatu kwa wiki kwanza, mpaka mwezi uishe, halafu wataona. Hodan ndiye aliyesema mpaka mwezi uishe. Nitaendelea kufua kwa mama wa duka la dawa, siku ya Jumatano. Karimi amesema Jumatano atakaa na Neema sokoni, ndani ya kikapu cha nguo za watoto. Asije akauzwa tu.

Neno nililojifunza leo la Kisomali ni casaan, nyekundu. Nimelikosea mara nne.

Alhamisi, 25 Septemba

Kumetulia leo. Wateja wachache. Upepo mwingi nje, tulifunga mlango mmoja.

Mjukuu wa Mama Sahra na Neema walilala godoro moja, kichwa na miguu. Neema aliamka kwanza. Hakulia. Alitambaa mpaka kwenye dera zilizotundikwa, akashika pindo la moja, ya samawati, akajivuta. Akasimama. Mara ya kwanza. Magoti yanatetemeka, anaangalia juu kama anatafuta mwenye hiyo nguo.

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka chini polepole.

Mteja alikuwa ameomba kuonyeshwa hiyo hiyo ya samawati. Hodan alinyoosha mkono aitoe kwenye henga. Mama Sahra akamwambia aiache kwanza.

Mteja akavuta kiti akakaa. Tukangoja wote.